Mwaka Tulioumwagia Mchanga Mafuta

Tulimzika Masanja Jumanne, nyuma ya nyumba ya mwanawe pale Buseresere, na wajukuu zake wakaniomba niseme machache, kwa kuwa ndimi niliyebaki peke yangu katika watu waliomjua angali kijana. Nikasimama na fimbo yangu, nikasema kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, kwamba alikwenda vitani Burma akarudi na viungo vyake vyote, kwamba sijapata kumwona mtu anayemjua ng'ombe kama yeye. Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu wa dini akanishukuru kwa ushuhuda mzuri. Niliporudi kwenye kiti uso ulikuwa unaniwaka, maana yote niliyosema yalikuwa kweli na yote nilikuwa nimeyachagua. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa ukalimani wa mahakama. Nimetafsiri wizi, talaka, ugomvi wa mipaka na kesi za kifo, na mahakimu walinisifu kwamba siongezi wala sipunguzi. Shahidi akisema hajui, mimi nilitamka "hajui" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, hata hakimu mmoja akaniuliza kwa utani kama neno lile nalipenda. Habari za wazazi wangu na shule ya misheni sitaziandika hapa, hazinisaidii kujitetea. Nitaandika mwaka mmoja tu.

Jina la mgodi nitaliacha. Wenyewe walifunga wakaondoka zamani. Ulikuwa katika vilima vya upande wa Geita, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka Chato na sanduku la mbao, viatu vya kamba na Kiingereza cha darasani. Mwamba ulitolewa chini ya ardhi, ukasagwa ukawa laini kama unga, dhahabu ikatolewa, na ule unga uliobaki ukamwagwa nyuma ya kinu mwaka hadi mwaka mpaka ukawa vilima vya mchanga wa kijivu. Tuliviita lundo. Masika lundo lilitulia. Kiangazi, upepo ukishaanza kuvuma mchana, lilihama. Lilivuka ukuta wa kambi, likaingia katika vyumba vya wagonjwa, katika nguo zilizoanikwa, katika macho ya watoto. Katika kijiji kilichokuwa chini yake kila tonge la ugali lilikwaruza meno, na watu walikohoa wakiwa wamelala. Kwa hiyo nisije nikaeleweka vibaya: vumbi lilikuwa adui wa kweli, na aliyekuja kupambana nalo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mzungu mwembamba, mpole, mwenye kofia pana, na wafanyakazi walimbatiza jina la Bwana Vumbi siku ile ile aliyoshuka garini. Alikuwa amefanya kazi katika nchi za jangwa. Huko, alinieleza, mchanga unaohama humwagiwa mafuta mazito, mafuta yakashika juu yake kama ukoko, upepo ukashindwa kuuinua na miche ikapata nafasi ya kuota. Kiswahili chake kilikuwa hakijavuka salamu. Alihitaji mdomo, na mdomo huo ukawa mimi.

Kambi ilikuwa imejaa, nikapata chumba kijijini kwa mjane mmoja, Mama Masanja. Chumba chenyewe kilinuka ngozi na moshi. Kulikuwa na kitanda cha kamba, vibuyu vya maziwa vimening'inia juu ya kichwa changu, na upande wa pili wa ukuta wa udongo walikuwa wamefungwa ndama. Niliwasikia wakicheua. Nilimsikia pia Mama Masanja akizungumza na mwanawe huko nje wakati wa kukamua, kwa Kisukuma, lugha ambayo mwanzoni niliielewa nusu na baadaye nikaielewa yote bila wao kujali. Masanja alikuwa amenizidi kama miaka minane. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na jioni alivaa koti lake la jeshi hata kama hakuna baridi. Malipo yake ya vita alikuwa ameyageuza ng'ombe, na walipofika kumi na mmoja alikwenda kuposa. Binti aliitwa Nkwimba. Nilimwona mara moja tu, amebeba kuni, akacheka kitu alichoambiwa na wenzake, na nikaelewa kwa nini Masanja alikuwa na haraka. Mahari ilikuwa imekubaliwa. "Mvua zijazo zikipita wakishanenepa, tunawapeleka," nilimsikia mama akisema nyuma ya ukuta. "Wakienda wamekonda watatusema." Ng'ombe wale kumi na mmoja walikuwa ndiyo nyumba ya Masanja, mke wake na watoto wake. Nililijua hilo tangu wiki ya kwanza, na sitaki msomaji adhani sikulijua.

Kazi tuliianza Agosti. Oili chafu iliyokamuliwa kwenye injini za umeme na malori ililetwa kwa mapipa, tukaichanganya na lami iliyoyeyushwa motoni na kulainishwa kwa dizeli. Watu wawili walisukuma pampu kwa mikono, mmoja alishika mpira, na wengine walisogeza mbao za kukanyagia, tukarudi kinyumenyume kutoka juu ya lundo kwenda chini, tukiacha mbele yetu weusi unaong'aa. Mimi ndiye niliyekuwa mnyapara wao. Bwana Vumbi aliponiuliza mchanganyiko ule tuuite nini kwa Kiswahili, nilimpa neno la migombani kwetu: matandazo. Kwetu hutandaza majani makavu chini ya migomba ili udongo usikauke, na hapa tungetandaza mafuta. Nililipenda sana neno hilo. Nililirudia kila nilipokwenda, mpaka siku moja Mama Masanja alinikatiza wakati tunakula. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta, ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, katikati yetu, mlenda na maziwa mgando, na mchanga ndani ya vyote vitatu.

"Kaloli," alisema, maana hakuwahi kulitamka jina langu Karoli vile lilivyo, "hayo matandazo yenu yataoza?"

"Hayaozi, mama. Hayo ndiyo mazuri yake."

"Sasa kitu kisichooza kitaotesha nini?" Akamgeukia mwanawe, akacheka. "Ng'wanone, mimi ningewalaza ng'ombe pale juu. Unajenga zizi la miiba, wanalala mwezi, unalihamisha, wanalala tena. Samadi ikishakolea, mvua inyeshe. Utaona majani yenyewe yanavyokuja."

"Jangwa halitengenezwi kwa mavi ya ng'ombe, mama," nikasema.

"Kwani hapa ni jangwa?"

Masanja alitabasamu ndani ya bakuli lake la maziwa. Mimi sikutabasamu. Nilikuwa nimekwisha kujipaka oili mikononi mbele yao kuonyesha kwamba haiumi, nimekwisha kusema mambo mengi kuhusu nchi za mbali ambazo sikuzijua hata kwenye ramani, na mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameuliza swali moja dogo lililoyabomoa yote. Fikra yake sikumpelekea Bwana Vumbi. Ningeweza, tulikuwa pamoja kutwa, na ninavyomkumbuka angeiandika kwenye daftari lake na huenda angekwenda kumwona. Miaka michache iliyopita nilimsikia mtaalamu redioni akieleza jinsi ya kufunika mchanga wa migodi kwa samadi na nyasi. Nikaizima redio, nikamwambia mke wangu betri zimekwisha.

Kufikia Oktoba lundo lote la upande wa kijiji lilikuwa jeusi na upepo ulipita juu yake mikono mitupu. Hilo nalo ni kweli. Watoto walilala bila kukohoa. Wanawake waliokutana nami njiani walinisimamisha kunishukuru, mmoja akaniletea kuku. Ugali wa Mama Masanja ukawa laini, na yeye mwenyewe alimega tonge, akalitafuna polepole akisikiliza meno yake, akasema, "Haya Kaloli, leo umeshinda." Sijui kama nimewahi kusifiwa tena nikafurahi kama siku ile. Bwana Vumbi aliniambia kwamba kazi ikikamilika kabla ya mvua, nitapewa upande wa pili wa lundo niusimamie mwenyewe, pamoja na nyumba ya matofali kambini. Kichwa kikanivimba. Nilianza kutembea katikati ya njia.

Baraza liliitishwa kabla ya mvua za kwanza, ndani ya banda la kununulia pamba. Wazee walikaa juu ya magunia, wanawake chini upande wa ukuta, na Masanja alisimama mlangoni na koti lake la jeshi. Bwana Vumbi alisimama kando ya mizani, mimi kushoto kwake, viatu vimepigwa rangi. Alieleza kazi ilivyokwenda, nikatafsiri, watu wakapiga makofi. Kisha Mama Masanja akainuka. Huko kwa Wasukuma mvua zikianza ng'ombe hupelekwa mahali penye udongo wa chumvi wakalambe, ndipo wanapopata hamu ya majani mapya, na kwa miaka mingi kijiji kile kilikuwa kikiwapeleka kwenye upande wa zamani wa lundo, ambako chumvi nyeupe ilijitokeza juu ya mchanga. Hakuna aliyekuwa amekumbuka jambo hilo, mimi wala Bwana Vumbi.

"Kaloli, niulizie," alisema. "Mvua ikishuka ng'ombe wetu wanakwenda kulamba pale. Safari hii watalamba na mafuta yenu. Itakuwaje?"

Nilimtafsiria Bwana Vumbi neno kwa neno. Alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyeacha kitu humo. Kisha akajibu kwa maneno matatu ya Kiingereza, kwamba hajui. Akaongeza taratibu, ili nisikose kitu, kwamba hilo hakulifikiria, kwamba atachukua kipande cha ganda akipeleke kikapimwe, na mpaka majibu yarudi ng'ombe wawekwe mbali kabisa na lundo. Akaniashiria niseme.

Banda zima lilikuwa linaniangalia.

"Bwana anasema hakuna shida."

"Hakuna shida?"

"Hakuna, mama."

"Mbona kasema maneno mengi hivyo?"

"Alikuwa anaeleza yanavyochanganywa."

Watu wakacheka, naye akacheka, akaketi. Bwana Vumbi aliona wanacheka akadhani wameridhika, akavaa kofia yake. Nimekuwa nikijiuliza kwa maisha yangu yote kilichonishika pale. Woga wa kazi ulikuwepo, nyumba ya matofali ilikuwepo, lakini nikijikuna mpaka kwenye mfupa nakuta kitu kidogo na cha aibu zaidi. Sikuweza kusimama mbele ya watu walionishukuru barabarani, nikiwa nimevaa viatu vile, nikatamka kwamba hatujui. Bwana Vumbi aliweza. Mtu mwenye elimu yake yote alivua kofia akasema hajui mbele ya kijiji kizima, wala hakupungua chochote. Mimi niliyekuwa nimeazima kidogo tu cha elimu hiyo ndiye niliyeona kwamba ikisema haijui itaanguka, na mimi nitaanguka nayo. Nilijiambia nitamwonya Masanja nyumbani, kwa faragha. Jioni ile kulikuwa na yule kuku niliyeletewa, Mama Masanja alinipa firigisi kama mkubwa wa nyumba, nikaenda kulala bila kumwonya Masanja.

Wiki ile ile Bwana Vumbi alishikwa na malaria kali, akapelekwa Mwanza, na mimi nikabaki nikiwa mkubwa wa lundo. Mvua zikanyesha. Ganda lilikuwa gumu kiasi kwamba maji hayakuingia mchangani, yaliteremka yote kwa pamoja, yakang'oa vipande vyeusi na kuvibeba mpaka kwenye ngitiri, malisho ambayo kijiji huyafunga ili yatumike kiangazi, na kutoka hapo mpaka kwenye lambo. Palipopita maji hayo majani yaligeuka manjano kwa mistari mirefu. Juu ya lambo kulitanda rangi za bluu na zambarau zilizowafurahisha watoto. Jua lilipotoka kati ya mvua na mvua, ganda likapasuka, na katika nyufa chumvi ikapanda ikiwa nyeupe, tamu kwa ng'ombe. Asubuhi moja niliwakuta pale wote kumi na mmoja. Mbele yao alikuwa jike wa kahawia mwenye paji jeupe ambaye Masanja alimwita Ranguni, kwa jina la mji wa Burma, na alikuwa analamba nyufa kwa bidii, ulimi umekuwa mweusi mpaka kooni. Nilishtuka, nikaokota fimbo, nikaanza kuwafukuza. Masanja alikuwa amekaa juu ya jiwe anasokota kamba. Akainuka.

"Vipi, karani? Kuna shida?"

Nilikuwa nimeshika fimbo. Alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, nami nilikuwa nahitaji kusema tu "nilikosea".

"Hapana," nikasema. "Nahofia watavunja ganda."

"Aa, pole." Akawapigia mluzi, akawasogeza pembeni, wakaendelea kulamba kwenye ukingo ambako hawakuharibu kazi yangu. Kesho yake akaja nao tena, akiwachunga kwa uangalifu wasikanyage juu.

Ranguni ndiye aliyeanza. Aliacha kula, akakohoa, povu jeusi likatoka puani. Kisha akasimama uso ameuegemeza kwenye ukuta wa chumba changu, upande wa pili wa kichwa changu, akisukuma kama anayetaka kuingia ndani, na udongo ukawa unadondoka juu ya kitanda. Siku ya tatu akaanguka. Mama Masanja alimchemshia majani, akamkanda mbavu, akamwita kwa majina ya kubembeleza. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, wengine wakipofuka kwanza wakazunguka zizini wakigongana. Wanane walikufa, watatu wakabaki mifupa mitupu. Bwana mifugo aliyetoka mjini alimpasua mmoja mbele yetu, na tumbo lilipofunguka harufu iliyotoka ilikuwa ya gereji. Masanja alichuchumaa, akachota kile cheusi kwa kijiti, akakiangalia muda mrefu. Mimi nilisema pole. Nililisema neno hilo kwa kila mtu aliyekuwepo uani, mpaka nikahisi najichukia.

Bwana Vumbi alirudi kutoka hospitali amekuwa njano, suruali inamning'inia. Majibu ya kipimo yalikuwa yamemtangulia, yako mezani kwake, na yalisema kwamba oili ile ilikuwa na madini ya risasi yaliyotokana na mashine na haifai mnyama aiguse. Aliniita ofisini, akafunga mlango. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama siku ile bandani niliwaambia wawaweke ng'ombe mbali. Ofisi ilikuwa ndogo, ina meza moja, kipande cha ganda letu kikiwa ndani ya bakuli la kioo, na dirishani lundo linaonekana lote, jeusi na limetulia. Nilikiangalia kile kipande. Nikamjibu kwa Kiingereza safi kuliko nilichowahi kusema maishani mwangu. Nilimwambia kwamba niliwaambia, tena nikarudia, lakini watu hawa hawasikii. Akaandika. Kwa mstari ule alioandika, mgodi ulikataa kulipa fidia, maana wenye mifugo walikwisha kuonywa. Barua ilipotoka ilikuwa ya Kiingereza, na kijijini pale aliyeweza kuisoma alikuwa mmoja.

Mama Masanja alinipa barua hiyo jikoni kwake niisome. Alikuwa anasonga ugali, akaifuta mikono kwa kanga, akanipa ile karatasi kwa mikono miwili. Masanja alikuwa ameketi kwenye kigoda, anashona kiatu.

"Wamesemaje, Kaloli?"

"Mgodi umekataa, mama."

"Kwa sababu gani?"

Neno lenyewe lilikuwa pale katikati ya ukurasa. Nilikuwa nimeliweka mimi.

"Hawakutoa sababu."

Akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kopo la chumvi lililokuwa juu ya rafu. Kisha akanipakulia. Alinipakulia kwanza, kama siku zote, kwa sababu mimi ni mgeni na nilikuwa nimetoka kazini, na nikala. Baba yake Nkwimba alisubiri msimu mmoja, na kwa haki alisubiri kuliko wengi, kisha binti akaolewa upande wa Mhunze na mtu mwenye ng'ombe hai. Siku ya arusi ile Masanja alikwenda lamboni kuchota maji kwa ajili ya wale watatu, akayarudisha, akayamwaga, akaenda kutafuta mengine mbali, kwa kuwa vyura wa lambo walikuwa wamenyamaza na wanawake walikuwa hawachoti tena hapo. Kiangazi kilichofuata ganda lilikuwa limebomoka vipande vipande, na vumbi likarudi kama zamani, sasa likiwa na chembe nyeusi ndani. Mama Masanja alimega tonge, akalisikiliza, akamega lingine. Bwana Vumbi akahamishwa. Mimi nilipewa nyumba ya matofali. Siku niliyohama Mama Masanja alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, akaniambia nisiwe nakula hotelini, nitaharibika tumbo. Masanja alinibebea sanduku mpaka kambini, akaliweka kitandani, akazisifu kuta. Miezi michache baadaye aliondoka kwenda kutafuta kazi za pamba upande wa Buseresere, na mama yake akafariki kabla sijapata moyo wa kurudi kumwona.

Tuliendelea kuonana, yeye na mimi, kwenye misiba, minadani, mara moja ndani ya basi la Biharamulo. Kila mara alinipokea kwa furaha, na kila mara niliondoka mapema. Alioa akiwa mtu mzima, akapata watoto wachache, wakampenda. Mwezi uliotangulia kufa kwake alinitumia salamu kwamba anaumwa na angependa kuniona, nikapiga moyo konde. Nikiwa ndani ya gari niliyapanga maneno yote, la bandani, la kwenye ganda, la ofisini, la barua, kama mtu anayekwenda kwenye kitubio. Nilimkuta kitandani, amepungua, koti lile la jeshi limetundikwa msumarini. Akaniita karani. Akaniuliza watoto, magoti, mashamba. Mjukuu wake wa kike alikuwa jikoni, tulisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Kaka Masanja," nikasema, "kuna jambo la mwaka ule wa mafuta. Siku ya baraza."

"Aa," akasema. "Lile la mzungu kusema hajui."

Nilimwangalia. Alikuwa anatabasamu.

"Ulijuaje?"

"Sasa Burma nilikuwa nafanya nini? Ofisa ukimwuliza tunarudi lini nyumbani, maneno matatu. Ukimwuliza barua zetu ziko wapi, maneno hayo hayo. Hayo mengine marefu aliyosema siku ile sikuyapata, lakini hayo matatu ndiyo Kiingereza changu chote." Akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo, mifupa yake ikaingia kiganjani mwangu.

"Sasa kama ulisikia," nikamwuliza, "mbona uliwaacha ng'ombe?"

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtu anayeulizwa kitu kilicho wazi.

"Si wewe ulisema hakuna shida? Yule alikuwa mgeni, hajui. Wewe ulikuwa unalala kwetu, unakula kwetu. Nikasema moyoni, Karoli anajua kuliko mzungu. Ungekuwa hujui, ungetuambia."

Sikuweza kuinua uso. Nilisema nilikosea, nilisema nilidanganya, nililia mbele yake nikiwa mzee mwenye mvi. Akanipigapiga goti kama anavyotulizwa ndama. Alisema tulikuwa vijana, alisema ng'ombe hufa, alisema huyu mke aliyempata baadaye asingempata kama mambo yangekwenda vile. "Mama alisema mpaka anakufa kwamba waliotuua ni wale wa ofisini," akasema, "waliokataa bila sababu. Wewe ulikuwa mtoto wake." Barua ile bado alikuwa nayo, alisema, ndani ya kopo lile lile, hapo chini ya kitanda. Alikuwa ameihifadhi kwa ajili ya mkono wa mama yake, si kwa ajili ya maandishi. Mjukuu wake alikuwa anasoma sekondari, na Masanja hakuwahi kumwonyesha.

Akanitazama, macho yake yamefifia lakini yametulia.

"Ni hilo tu lililokuwa linakusumbua, karani?"

Nilisikia mwiko ukiwekwa chini kule jikoni.

"Ni hilo tu," nikamwambia.

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mjukuu akaingia na ugali na maziwa mgando, akapiga goti, akanimiminia maji ya kunawa. Babu yake akamwambia anitangulizie mimi kwanza, kwa kuwa mimi ni mgeni. Nikanawa mikono, nikala.